Ramu ya laki mbili na sisimizi wa Kirumba

Tulichanga watu wanne, kila mmoja elfu hamsini, tukanunua chupa moja ya ramu, pombe kali ya miwa. Ndiyo, laki mbili. Mke wangu aliposikia alikaa kimya, na kimya chake mimi nakijua. Muuzaji alituhakikishia kwamba hii hutengenezwa kwa mafungu madogo, si ya kiwandani, na kwenye lebo kulikuwa na namba 18 ya dhahabu. Wote tukaelewa miaka kumi na minane.

Tukakaa kibarazani kwangu Kirumba, Mwanza, upepo wa ziwa unapuliza, sato yuko kwenye mkaa. Ramu ilikuwa tamu. Tamu mno. Mwenzetu mmoja, fundi wa boti, hakusema kitu; alidondosha matone kwenye kisosi, akakiweka juu ya ukuta. Asubuhi nakuta kileo kimekauka, kisosi kinanata kama kimepakwa asali, na sisimizi wamepanga foleni toka chini ya tenki la maji.

Sasa, sukari haipandi na mvuke. Pombe ikishanerekwa, yaani ikichemshwa na mvuke wake ukakusanywa, inatoka kavu, haina utamu, hata kama mwanzo ilikuwa molasi tupu, ule uji mtamu unaobaki miwa ikipikwa sukari. Kwa hiyo utamu ule uliongezwa baadaye. Wala si kosa: Umoja wa Ulaya unaruhusu ramu iwekwe hadi gramu 20 za sukari kwa lita. Ila mimi nilidhani nalipia miaka ya kulala kwenye pipa, kumbe nalipia na sharubati. Ile 18 nayo, nilipoisoma kwa tochi ya simu, haikufuatwa na neno "miaka" popote. Ni namba tu, kama ya jezi.

Msinielewe vibaya, sisemi ramu ghali ni utapeli. Ipo inayostahili bei, na sababu yake ni hesabu. Ramu hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni (mti, wadau, si soko letu la dagaa). Pipa linapumua, kileo kinavukiza. Kwenye baridi ya Scotland wiski hupungua kama asilimia 2 kwa mwaka. Kwenye joto la Karibi inaweza kufika 6 au zaidi. Pipa la lita 200 likipoteza asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 imebaki chini ya lita 100. Hiyo iliyopotea lazima mtu ailipie, na mtu huyo ni wewe.

Halafu kuna mtambo wenyewe wa kunereka. Mtambo wa mnara unatiririsha usiku na mchana, unatoa kileo chepesi kwa bei nafuu. Ule wa chungu unapika mpiko mmoja mmoja, unamalizika, unasafishwa, unaanza tena, na harufu nyingi zinabaki ndani ya kileo. Binamu yangu alikuja na chupa ya Jamaika ya mtambo wa chungu. Kule kanuni za ramu yao hazitaki sukari iongezwe, na miaka inayoandikwa ni ya ramu changa kuliko zote zilizochanganywa. Ilinigharimu laki na ishirini. Nilipofungua tu, mama mkwe, Mhaya wa Bukoba, akauliza kutoka jikoni: "Nani ana lubisi humu?" Lubisi ni pombe yao ya ndizi, na kweli: ndizi zilizoiva kupitiliza, hivyo hivyo. Niliinywa wiki tatu, kidogo kidogo, bila soda wala barafu, na sijutii hata shilingi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama utaichanganya na kola, nunua ya bei ya chini, au chukua Konyagi na ndimu uokoe nauli. Kama utainywa yenyewe, achana na maneno "mafungu madogo", maana kila mtu anayaandika. Bibi zetu wanaopika gongo kwa pipa moja nyuma ya migomba nao ni mafungu madogo, na wanakimbizwa na polisi. Tafuta miaka iliyoandikwa kwa neno, aina ya mtambo, na nchi.

Kinachoniuma ni kwamba miwa tunayo. Kule Missenyi, ng'ambo ya ziwa, Kagera Sugar wana mashamba usiyoyaona mwisho, na panapopikwa sukari molasi haikosi. Siku mtu akilaza ramu ya miwa ile kwenye pipa, hapa hapa kwenye joto letu, akaandika miaka yake bila kuficha, elfu hamsini yangu ipo. Fundi wa boti yeye anasema ataanza na kisosi.