Tuoneshe mgongo wa rimu

Kila nikikutana na tangazo la rimu za zamani za Porsche lenye picha nyingi za uso unaong'aa bila hata moja ya upande wa ndani, najua muuzaji ama hajui anachouza ama hataki mnunuzi ajue. Uso wa rimu huigwa kwa urahisi. Mgongoni, kule kunakotazama breki, ndiko kiwanda kilikogonga jina lake, ukubwa na tarehe.

Nazungumzia hasa Fuchs, zile zenye majani matano ambazo hata asiyejua magari huzihusisha na 911, gari la spoti la Porsche. Umbo lake lilichorwa na Heinrich Klie wa Porsche, zikatengenezwa na kampuni ya Otto Fuchs ya mji wa Meinerzhagen, Ujerumani, na zikaanza kufungwa kwenye 911 S za mwaka wa 1967. Rimu nyingi za spoti za enzi hizo zilikuwa za kusubu, yaani metali inayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Fuchs walifua. Alumini iliyopashwa moto ilikandamizwa kwa mashine nzito, kisha ukingo ukavingirishwa hadi ukapata upana wake. Ndiyo maana rimu ilitoka nyepesi bila kuwa dhaifu, na ikipigwa na jiwe hujikunja kabla ya kupasuka. Hilo lina maana kubwa kwenye barabara zetu: mwaka wa 1978 dereva Mkenya Vic Preston Jr alishika nafasi ya pili katika Safari Rally kwa 911 SC iliyofungwa rimu hizi hizi.

Sasa igeuze. Isafishe kwa sabuni na brashi laini, maana vumbi la breki huganda hasa pale penye maandishi. Tafuta nembo ya Fuchs, namba ya kipuri, ukubwa kama 6J x 15 (yaani upana wa inchi 6 na kipenyo cha inchi 15), na tarehe ya mwezi na mwaka. Gari la 1970 lenye rimu zilizogongwa mwaka 1978 bado ni gari zuri, lakini rimu hizo si zile lililotoka nazo kiwandani, na bei isiseme vinginevyo. Ukiona herufi JWL, hapo hakuna mjadala tena: hiyo ni alama ya viwango vya Kijapani, na haina la kufanya kwenye rimu ya Kijerumani ya mwaka 1969. Nakala nyingi pia ni za kusubu, na mizani huzifichua, kwani huwa nzito kuliko zilizofuliwa.

Upana nao unasema mengi. Za mwanzo zilikuwa na inchi 4.5 tu, nyembamba kiasi kwamba wengi hudhani ni za gari jingine. Mwaka 1968 zikaja za 5.5, na mwaka uliofuata za inchi 6. Hizo za inchi 6 za kwanza, zilizodumu hadi 1971, ndizo wakusanyaji wanazozililia, kwa sababu majani yake yameingia ndani zaidi kuliko ya zile za inchi 6 zilizofuata. Weka rula kutoka ukingo hadi ukingo, kisha pima ilivyo mbali na majani. Ukiwa na zote mbili kando kwa kando, tofauti unaiona hata bila kupima. Nadra kuliko hizo ni 7R, ya inchi 7, iliyotengenezwa kwa ajili ya 911 R ya mashindano. Kwa kuwa zipo chache na bei yake ni kubwa, kuna wanaopanua rimu za kawaida ili zifanane nazo. Pitisha kidole taratibu ndani ya pipa la rimu. Mshono wa kuchomelea, hata ukisuguliwa vipi, mara nyingi huacha kituta au rangi tofauti ya metali.

Kinachoniuma zaidi ni mafundi wanaozipiga mchanga pande zote mbili na kuzing'arisha kama kioo. Fuchs hazikutoka kiwandani hivyo. Zilikuwa na ngozi ya kinga iliyowekwa kwa umeme, yenye mng'ao mpole wa fedha, na ukiing'oa umeng'oa kinga pamoja na historia. Rimu iliyochubuka kidogo lakini yenye tarehe inayosomeka nitailipia zaidi ya ile inayometameta isiyo na alama hata moja. Kama ni lazima ipakwe upya, mwambie fundi afunike maandishi, na upige picha kabla hajaanza.

Kisha, kabla ya kufunga tairi, ipeleke ikapimwe nyufa kwa rangi ile inayopenya, hasa kuzunguka matundu ya nati. Rimu hizi nyingi zimepita miaka hamsini, baadhi zimeshindanishwa, na ufa wa kwanza hauonekani kwa macho.