Fort Jesus na ile miaka 63 ya jela

Mgeni yeyote akija Mombasa, awe binamu kutoka bara ama mzungu wa meli, lazima tumpeleke Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, na tukishapita lile lango stori ni ile ile, Mreno Mreno Mreno. Walianza kujenga 1593 wakamaliza 1596, mfalme Philip II wa Uhispania, aliyekuwa akitawala Ureno pia, ndo aliyeamuru, ramani ikachorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ukiitazama kutoka juu eti ni kama mtu amelala chali. Haya. Sasa ile miaka 63 ya jela mbona twaipita mbio?

Maana Mreno alitolewa humo 1698, lakini Mwingereza aliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, yaani mzee wa miaka themanini na kitu pale Mji wa Kale anaikumbuka ikiwa jela, na hatumuulizi.

Wanaotetea ilivyo sasa wana hoja, tusiwadharau. Wasema jela ilipohamishwa jengo lingeachwa tu lingekuwa gofu la popo, pesa za kulikarabati zikatoka kwa Gulbenkian Foundation, shirika la hisani la Ureno, mwanaakiolojia James Kirkman akafukua, na 1960 makumbusho yakafunguliwa. UNESCO nao 2011 waliiingiza kwenye urithi wa dunia kwa sababu ya ule ujenzi wa kijeshi wa Kireno wa karne ya 16, si kwa sababu ya jela. Na hicho ndo kinacholeta watalii, na mtalii ndo anayenunua dafu hapo nje. Hapo siwezi kubisha.

Ila ukifukua tabaka la chini, la juu lazima litoke. Pesa za Ureno zikija kukarabati ngome ya Mreno, tabaka gani litapendwa si la kuuliza. Mle ndani kuna plasta ambayo askari wa Kireno walichora meli na watu, michoro ya mtu aliyechoshwa na zamu tu, lakini imetunzwa mpaka leo. Mimi huitazama nikajiuliza mfungwa wa Mwingereza naye alikwaruza nini ukutani, na nani alijali.

Wapo pia wa upande wa pili kabisa, wataka hata jina libadilishwe, wasema hii ni alama ya kutawaliwa basi. Hao nao wanarahisisha mambo. Waomani walipoizingira 1696 kwa karibu miaka mitatu, waliokufa ndani kwa maradhi na njaa hawakuwa Wareno peke yao, watu wa pwani walikuwemo, wa Faza, kule kisiwa cha Pate, walipigana upande wa Mreno. Na 1631 aliyeasi na kuiteka ni Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno kule Goa, India, akabatizwa Jerónimo. Huyo utamweka upande gani? Halafu ukoo wa Mazrui wakakaa humo mpaka Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipowatoa 1837. Ngome imeshikwa na watu wengi mno kusema ni ya fulani.

Hata lugha yetu inajua hilo. Neno gereza wataalamu wasema limetoka kwa igreja, kanisa kwa Kireno, na kule Kilwa Kisiwani ngome yenyewe yaitwa Gereza mpaka leo. Kanisa, ngome, jela, yote neno moja, na sisi tunalitumia kila siku bila kufikiria.

Kwa hivyo mimi sisemi Mreno afutwe, nasema chumba kimoja kizima wapewe wafungwa, na wazee warekodiwe sasa hivi kwa simu tu, si lazima mradi mkubwa, maana kila mwaka tunawazika. Mimi siku hizi nikipeleka mgeni naanza na 1958 narudi nyuma, wengine wananikatiza kabla hata hatujafika kwa Mazrui, wanataka mizinga wapige picha.