Mwendokasi bila nyumba za karibu ni nusu ya safari

Mi naishi Malamba Mawili hapa Dar es Salaam na kazi yangu iko Kariakoo, kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri nishaamka. Watu wanasema shida ni mabasi ya mwendokasi, yale yanayopita njia yao peke yao, hayatoshi, na kweli hayatoshi, ila kabla sijaligusa hilo basi nishatoa buku jero ya boda mpaka Mbezi Mwisho, na mvua ikinyesha boda wenyewe hawashuki kule, unatembea peku na viatu kwenye mfuko. Juzi kituoni kulikuwa na mama pembeni yangu, mtoto mgongoni, ananawa tope miguuni kwa maji ya chupa ndo avae viatu vya kazini, na hapo hata jua halijatoka.

Sasa ukipata basi hebu chungulia dirishani toka Kimara. Barabara ya Morogoro ina njia ya mabasi haya, ina vituo, inafanya kazi toka 2016, afu pembeni ya vituo unaona nini? Sheli, yadi za magari, maghala, nyumba za chini. Manzese watu wapo wengi lakini wamebanana kwenye vyumba vya uani, wengine wote tunakimbilia Goba na Kibamba kutafuta kiwanja cha ishirini kwa ishirini, na kila mwaka tunazidi kusogea.

Afu sio kwamba hatujui kufanya. Angalia Magomeni Kota, zile ghorofa zilizinduliwa 2022, familia 644 zilizokuwa zinakaa pale zamani zikarudishwa palepale, na mtu akitoka mlangoni anatembea kwa miguu mpaka kituoni, boda ya nini? Halafu linganisha na mradi wa nyumba wa Dege kule Kigamboni, zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000 mbali na njia ya mwendokasi, ujenzi ukasimama 2016. Hela ile ingejengea ghorofa kandokando ya Barabara ya Morogoro tungekuwa tunaongea mengine.

Wenzetu wa Curitiba, Brazil, toka miaka ya 70 walipanga basi na ghorofa kwa pamoja: panapopita basi la haraka ndo panaruhusiwa kujenga juu, ukienda mbali na njia unajenga chini. Basi linapata abiria, abiria anapata basi, ndo maana inaitwa mipango miji.

Roho yangu iko Mbagala sasa, maana mabasi yameanza 2025 na madalali washanusa. Naomba serikali iwahi, viwanja vya karibu na vituo vya Barabara ya Kilwa viruhusiwe ghorofa tano sita, mwenye kiwanja asifukuzwe bali apewe nyumba zake humohumo, na viwepo vyumba ambavyo muuza mihogo anaweza kulipia kodi. La sivyo kodi itapanda, yule muuza mihogo wa Rangi Tatu atahamia Vikindu, na yeye ataanza kuamka saa kumi na nusu kutafuta boda kama mi.