Sheria yalinda mlango, nyumba yaachwa ibomolewe

Huku Uingereza, mwenye jengo lililoorodheshwa hawezi kung'oa dirisha la mbao akaweka la alumini mpaka halmashauri impe kibali, hata kama hati ni yake na fedha ni zake. Akifanya kimyakimya, ni kosa la jinai: faini isiyo na ukomo au kifungo cha hadi miaka miwili. Nyumbani Mwanza, duka lililosimama tangu zama za Mwingereza linaweza kuzungushiwa mabati Ijumaa jioni, na wiki inayofuata pakawa na shimo la msingi wa ghorofa. Wengi wetu tulio nje huishia kusema wenzetu wana fedha na wanapenda historia yao. Siyo hivyo. Hawa nao walibomoa sana. Lango kubwa la stesheni ya Euston, London, liliangushwa kati ya 1961 na 1962 huku watu wakilia na kuandamana. Kilichowazuia kuendelea ni taratibu za halmashauri, na nyingi kati ya hizo Mwanza inaweza kuzianzisha bila kusubiri bajeti.

Tuanze na sheria yetu, maana wengi wanaoilalamikia hawajaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza miaka ya 1890. Reli kutoka Tabora ilifika 1928. Mji mzima wa Mwanza tunaoujua, pamoja na maboma ya Kijerumani, maduka ya Wahindi na stesheni yenyewe, umezaliwa upande usiolindwa wa mwaka 1863. Bukoba na Musoma vilevile. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao wenye nakshi za Kiafrika au za mashariki uliochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa na ulinzi, nyumba iliyoubeba isiwe nao.

Njia nyingine ipo: Waziri anaweza kutangaza jengo au eneo katika Gazeti la Serikali hata kama ni la baada ya 1863. Dar es Salaam ilitangaziwa majengo yake mwaka 1995. Zanzibar ina sheria zake na mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985. Tangazo la namna hiyo linataka mtu wa ngazi ya halmashauri aliyeandaa kazi, na hapo ndipo halmashauri ya Uingereza inapoizidi ya kwetu.

Uingereza mambo ni mawili. La kwanza ni orodha ya taifa, yenye maingizo yapatayo 400,000 ya madaraja matatu. Zaidi ya asilimia 90 ni daraja la chini kabisa, yaani nyumba za kawaida, baa, shule, hata vibanda vya simu. La pili ni maeneo ya hifadhi, yaliyoanza kwa sheria ya 1967, ambayo halmashauri yenyewe huyatangaza mtaa kwa mtaa. Ndani ya eneo hilo, jengo linalozidi mita za ujazo 115 halibomolewi bila kibali hata kama lenyewe halimo kwenye orodha yoyote. Hili la pili ndilo linalotufaa zaidi. Uzuri wa mitaa ya kati ya Mwanza uko kwenye safu nzima: baraza linaloendelea kutoka duka hadi duka, ukuta wa juu unaoficha bati, na mwaka ulioandikwa kwa saruji pale kileleni. Ukitoa mawili katikati, safu imekufa.

Adhabu nayo inafanya kazi. Aprili 2015, mwenye baa ya Carlton Tavern, iliyojengwa London miaka ya 1920, alinyimwa kibali cha kujenga fleti, akaleta mashine akaibomoa siku chache kabla haijaorodheshwa. Halmashauri ya Westminster ilimwamuru aijenge upya tofali kwa tofali. Alikata rufaa, akashindwa. Baa ilifunguliwa tena Aprili 2021. Amri ile ilitekelezeka kwa sababu jengo lilikuwa tayari limepimwa na kupigwa picha kabla ya kuvunjwa. Bila vipimo, hakuna hakimu anayeweza kumwamuru mtu arudishe kitu ambacho hakuna anayejua kilivyokuwa.

Kisa hicho kinaonyesha pia hatari yenyewe. Mwenye jengo akisikia linaenda kuorodheshwa, hulimaliza haraka. Kiwanda cha Firestone, London, kilivunjwa wikiendi ya sikukuu mwaka 1980 kwa namna hiyo. Dawa yao ni notisi ya dharura: halmashauri ikibandika notisi leo, jengo linalindwa kuanzia leo kwa miezi sita, uchunguzi unafanyika baadaye. Kwetu alama inayotangulia ni ile X nyekundu ukutani, na kila mtu anajua maana yake. Tunahitaji alama ya upande wa pili.

Kuna ujanja wa polepole ambao ni mbaya zaidi. Mwenye jengo halibomoi, analiacha. Bati mbili zinatolewa, mvua za vuli zinaingia, masika yanamalizia. Kenchi zinaoza pale zinapokalia ukuta, mchwa wanapanda, dari linashuka, kisha analetwa mhandisi aandike kwamba jengo ni hatari kwa watu. Na kweli kwa wakati huo ni hatari! Halmashauri ya Uingereza ina majibu mawili: humpa mwenye jengo notisi ya siku zisizopungua saba, asipofanya wanaziba paa wenyewe na kumdai gharama, au humwandikia orodha ya matengenezo, na ikipita miezi miwili bila hatua wanaweza kuanza kulitwaa kwa fidia, ambayo hupunguzwa ikithibitika aliliacha liharibike makusudi.

Sisemi tuige kila kitu. Kwenye kodi Waingereza wamekosea vibaya: nyumba mpya ya kuishi haitozwi VAT, lakini kukarabati ya zamani kunatozwa asilimia 20. Wamefanya kubomoa kuwe na nafuu. Ujerumani wana akili zaidi hapo. Mwenye jengo la kihistoria analopangisha anapunguziwa gharama za ukarabati kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, asilimia 9 kwa miaka minane kisha asilimia 7 kwa miaka minne, ambayo ni gharama yote. Sharti ni kwamba kazi ikubaliwe na mamlaka ya hifadhi kabla ya fundi kuanza. Jiji la Mwanza halina mamlaka juu ya kodi ya mapato, na kodi ya majengo sasa inakatwa kwenye LUKU. Lakini ada ya kibali cha ujenzi ni ya jiji. Wasamehe hiyo kwa anayekarabati. Uingereza kibali cha kugusa jengo lililoorodheshwa hakilipiwi hata senti.

Jambo moja linaturahisishia kazi, na silioni likitajwa. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Maana yake sehemu ya majengo ya zamani ya katikati ya miji yetu iko kwa mmiliki mmoja wa umma, ambaye anaweza kuketi meza moja na jiji wakaelewana mtaa mzima kwa kikao kimoja. Huku halmashauri inahangaika na wamiliki mia, kila mmoja na wakili wake.

Basi kazi ianzie kwenye orodha. Watu wawili wenye futi kamba na simu yenye kamera wanaweza kumaliza jengo dogo kwa asubuhi moja: namba ya kiwanja na kitalu, mmiliki, picha za kila upande na za karibu za milango, nguzo na maandishi, urefu na upana wa mbele, kimo cha baraza, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, nini kimeharibika. Wanafunzi wa ufundi wanaiweza. Kisha sheria ndogo, ambayo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inairuhusu halmashauri kuitunga: inatangazwa wananchi watoe pingamizi, inapita kwa madiwani, inaidhinishwa na Waziri, inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Vifungu vitatu vinatosha kuanzia. Jengo lililo kwenye orodha lisipewe kibali cha kubomolewa kabla ya siku 60 za tangazo lililobandikwa ukutani. Notisi ya dharura ya miezi sita. Na aliyebomoa bila kibali asipewe kibali kingine katika kiwanja hicho mpaka arudishe ukuta wa mbele. Ikumbukwe kwamba Ilemela ni manispaa yake tangu 2012. Sheria ya Jiji haitavuka mpaka, hivyo Ilemela, ambako Kirumba ipo, nao watunge yao.

Kibali peke yake hakitoshi kama fundi analiua jengo akidhani analitengeneza. Angalia ukuta wa zamani wa mawe au tofali za kuchoma uliojengwa kwa chokaa, kisha ukapigwa lipu ya saruji. Futi mbili tatu kutoka chini utaona rangi imevimba, unga mweupe wa chumvi umetoka, na ukigonga lipu inalia tupu. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta. Chokaa huuachia utoke, saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kula uso wa tofali. Fundi akija, huongeza saruji. Dawa ni kubandua saruji taratibu kwa patasi, kuacha ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi, kisha kupiga chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga safi, kila tabaka lisizidi milimita 10, na kulifunika kwa magunia mabichi lisipasuke kwa jua. Na kabla ya yote hayo, gata ziwekwe na mfereji uzibuliwe, maana maji yanayorudi kwenye msingi hayashindwi na lipu ya aina yoyote.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wafanyabiashara: kiwanja cha katikati ya jiji ni ghali mno kubeba duka la chini tu. Hoja hiyo ni halali na ina jibu. Miji mingi huku huruhusu kujenga nyuma, ghorofa ikarudi ndani mita kadhaa, huku vyumba vya mbele, baraza na ukuta wa juu vikibaki na fremu zikiendelea kupangishwa. Mwanza yenye miamba yake ina viwanja vyembamba, kwa hiyo mita hizo zipimwe kiwanja kwa kiwanja. Mahali pa kuzipima ni Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya halmashauri, na diwani wa kata yako anaweza kuipeleka hoja hii kwenye kikao chake kijacho.