Tope la mama halina cheti

Kila tarehe 1 Februari, hapa ninapoishi karibu na Cloppenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kijiji kizima kinaamshwa na matrekta. Bado giza, baridi inauma masikio, na barabara imejaa matangi ya tani ishirini na kitu yakielekea mashambani. Yamebeba tope la biogesi, yaani kinachobaki baada ya mtambo kutoa gesi kwenye samadi na mabaki. Tangu mazao yavunwe mwaka uliopita, sheria ilikataza kulimwaga mashambani isipokuwa kwa ruhusa chache, na marufuku hiyo inaisha usiku wa Januari 31. Kwa hiyo kukipambazuka, kama ardhi haijaganda wala haina theluji, kila mwenye tangi yuko njiani. Tangi mojawapo naliendesha mimi.

Nilipowaambia nyumbani kwamba kazi niliyoipata Ulaya ni kubeba kinyesi cha ng'ombe, mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umepanda ndege kwenda kufanya kazi uliyokuwa unaikimbia hapa!" Sikuwa na jibu. Kwetu ni Nkoaranga, Arumeru, chini ya Mlima Meru. Mtambo wetu wa biogesi, ule wa kuba lililofukiwa ardhini, uko nyuma ya banda tangu sijaanza shule. Alitujengea fundi aliyejifunzia kazi CAMARTEC, kile kituo cha teknolojia ya kilimo pale Arusha. Zamu yangu kila asubuhi ilikuwa ndoo mbili za kinyesi, ndoo mbili za maji, koroga, toa majani, fungulia. Gesi ilienda jikoni. Kilichotokea upande wa pili kilienda kwenye migomba, na hakuna aliyekiandikia chochote.

Wataalamu wa nyumbani wanakiita bioslari. Wajerumani wanakiita Gärrest. Mama anakiita tope, na mimi namfuata mama.

Sasa angalieni tofauti. Hapa siruhusiwi kutoka getini bila karatasi. Inaonyesha naitrojeni yote iliyomo, kiasi gani ni amoniamu, fosfeti, potasiamu, limetoka mtambo upi, linakwenda kwa nani. La mtambo ninaoubebea hapa lina naitrojeni kilo 5 hivi kwa kila mita ya ujazo, na zaidi ya nusu ni amoniamu. Kisheria naitrojeni ya mbolea za asili haitakiwi kuzidi kilo 170 kwa hekta kwa mwaka, kwa wastani wa shamba lote la mkulima. Piga hesabu: ni mita 34 za ujazo, basi. Ukimwaga kwenye ardhi tupu lazima lifukiwe ndani ya saa moja. Zamani ilikuwa saa nne, wakabana zaidi mwanzoni mwa 2025. Kurusha juu kama bomba la zimamoto hakuna tena. Tangi linaburuta mabomba ya mpira yanayolilaza tope chini taratibu. Na la kushangaza kuliko yote, wakulima wa eneo hili, wenye nguruwe na kuku kupita kiasi, wanalipa ili waondolewe samadi. Nilipomweleza mama kwamba huku mtu anatoa pesa samadi yake ichukuliwe, alinyamaza kidogo, akauliza kama hao watu wana akili timamu.

Akili wanazo. Nchi hii ina mitambo ya biogesi zaidi ya 9,000, na mifugo mingi imerundikana sehemu chache. Miaka mingi walimwaga kuliko mimea ilivyoweza kula, ziada ikashuka kwenye maji ya ardhini ikiwa nitrati. Kikomo cha Ulaya ni miligramu 50 kwa lita ya maji, na visima vingi vilipita hapo. Juni 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg iliitia Ujerumani hatiani kwa kutolinda maji yake. Kanuni ya mbolea, iliyokuwa imebadilishwa 2017, ikabanwa tena 2020. Wakulima walikasirika, Novemba 2019 wakaingia Berlin na maelfu ya matrekta. Haikusaidia sana.

Nimeyaleta haya kwa sababu rafiki yangu mmoja anayefanya kazi za biogesi nyumbani aliniuliza juzi: "Kwa nini tusichukue kiwango cha Wajerumani, tukakitafsiri, Shirika la Viwango, TBS, wakagonga muhuri?" Alikuwa anasema kweli, si utani. Kiwango cha taifa cha hili tope nakitaka hata mimi. Ila kutafsiri, hapana.

Sheria za huku zimezaliwa na shibe. Kila mstari unauliza: tufanyeje isizidi? Sisi swali letu ni lingine kabisa. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaazimia tufikie kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Ni virutubisho vyote pamoja, si naitrojeni peke yake. Hadi leo wastani wa bara letu uko mbali na hapo. Mbolea ya dukani ilipopanda bei 2022 mpaka serikali ikaingiza ruzuku, mahindi ya watu yalisimama ya njano. Ukimpelekea mkulima wa namna hiyo kitabu cha vikomo, tarehe za marufuku na matangi ya kuhifadhia tope miezi sita, utakuwa umempa mtu mwenye njaa ratiba ya kupunguza mwili.

Cha kuiga kipo, lakini watu wengi hawakioni kwa sababu wanatazama maabara. Kipo mdomoni mwa mtambo. Kabla Mjerumani hajapima kinachotoka, anauliza kimeingia nini. Samadi ya shambani ina njia yake. Mabaki ya jikoni na sokoni yana njia nyingine: yapashwe moto nyuzi 70 kwa saa moja, yapimwe metali nzito, plastiki, vipande vya kioo. Kinyesi cha binadamu kina sheria yake kabisa. Na pale walipolegea waliaibika: 2018 vipande vya plastiki vilionekana vikielea kwenye Schlei, ghuba moja nzuri ya kaskazini, vimetokana na vyakula vilivyotiwa mtamboni pamoja na vifungashio vyake.

Hilo swali, kimeingia nini, sisi hatuulizi. Tope ni tope. Lakini la ng'ombe wawili wa mama si sawa na la mtambo unaokula taka za machinjio na soko zima. Wala si sawa na la shule au gereza lililounganisha vyoo. Rwanda walianza zamani mitambo mikubwa kwenye magereza, kazi ya chuo cha KIST, wakapata hadi tuzo ya Ashden mwaka 2005. Tope linarudi kwenye bustani za magereza. Hale, Korogwe, wameligeuza taka la mkonge kuwa umeme. Naivasha kuna mtambo wa megawati 2.2 unaokula mabaki ya shamba la mboga na maua. Vyote hivyo kuviwekea kanuni moja ni sawa na kuwapimia mtoto mchanga na mbeba zege dozi moja ya dawa.

Mama ningemwacha. Narudia: ningemwacha. Tope la ng'ombe wake, kwenye shamba lake, lisihitaji cheti wala ada wala ofisa. Hata hapa mkulima anayerudisha samadi ya ng'ombe wake kwenye shamba lake halazimishwi kuipasha moto, na kwa samadi anaruhusiwa kutumia majedwali ya serikali badala ya kukimbilia maabara kila mara. Majedwali hayo ndiyo tunayoyahitaji. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo kule Tanga, wangepima tope la Arumeru, la Rungwe, la Kagera, la Dodoma kwenye ukame, wakatuambia ndoo moja ina nini. Ukurasa mmoja ubandikwe ofisi ya kijiji. Basi.

Anachohitaji mama ni maelezo, na hapa nakiri tuligombana. Nilimwambia kwa simu asimwagie tope kwenye mchicha. Kuba la nyumbani halina joto la kuua kila kitu. Kule kwetu mlimani ardhi ni ya baridi, mtambo unafanya kazi polepole, na mayai ya minyoo ni magumu kufa. Kwenye shina la mgomba hakuna tatizo. Kwenye jani litakaloliwa wiki ijayo, lipo. Akanijibu, "Baba, mchicha huo huo ndio uliokukuza mpaka ukaota ndevu." Ni kweli. Ni kweli pia kwamba utotoni nilimezeshwa dawa ya minyoo kila muhula, lakini hilo sikulisema.

Ugumu unaanza tope linapovuka uzio kwenda kwa mtu mwingine kwa pesa. Jirani yetu, mama mchapakazi haswa, hulianika juu ya turubai siku nne tano, analitwanga, analitia kwenye viroba. Linapendeza: jeusi, jepesi, halinuki. Tatizo liko hapo kwenye kutonuka. Mtamboni naitrojeni haipotei. Inayoondoka ni kaboni, ndiyo gesi unayopikia. Sehemu kubwa ya naitrojeni inageuka amoniamu, ile mimea inaila haraka. Ukilianika juani, amoniamu inageuka amonia na kuruka. Ile harufu inayochoma pua siku ya kwanza ni mbolea inakuaga. Kinachobaki kwenye kiroba kina fosfeti, kina potasiamu, ni chakula kizuri cha udongo, ila aliyekinunua kukuzia mahindi atasubiri sana.

Sasa fikiria kiwango kitakachoandikwa na mtu aliyezoea mbolea za mifuko: unyevu usizidi kiasi fulani, rangi hivi, chembe hivi. Kitakuwa kimemlazimisha kila mtu aanike. Tope zuri ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukilihukumu kwa ukavu umelifukuza na kubakiza makapi. Kiwango kiwe na milango miwili, wa tope la maji na wa lililokauka, na kila mmoja useme kilichomo kwa lugha yake. La maji lifunikwe, likae kivulini, au lilowekwe kwenye majani makavu ya migomba yalinyonye. Bibi zetu walifanya hivyo kwa samadi ya kawaida bila semina.

Yule jirani alijaribu kufuata utaratibu. Alikwenda ofisi moja mjini kuuliza afanyeje auze kihalali, akaambiwa mbolea lazima isajiliwe, alete matokeo ya maabara. Akauliza vipimo vya nini na vya kiwango kipi. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi mara tatu, nauli yake mwenyewe. Simlaumu ofisa aliyekuwa dirishani. Kama hana ukurasa wa kusoma, atasoma nini? Ila Sheria ya Mbolea tunayo tangu 2009, TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea, ipo, TBS ipo tangu 1975. Wa kuandika wapo, na wakiandika vizuri Dar es Salaam, Namanga nayo itausoma, maana viwango vya Afrika Mashariki vinapatanishwa.

Wenye parachichi za kuuza nje wanaliona hili kabla yetu. Mkaguzi wa GlobalG.A.P., cheti cha kilimo bora ambacho wanunuzi wa nje hukidai, akija shambani anauliza mbolea imetoka wapi, na ya kinyesi cha binadamu hataki kuisikia. Mkulima akisema "kwa jirani, ni tope", mazungumzo yanakuwa marefu. Akiwa na karatasi inayosema ni ng'ombe tupu, mtambo upi, tarehe gani, yanakwisha.

Mkitaka kujua kisichoandikwa popote: dawa za kupe na sindano za ng'ombe. Ukiosha banda baada ya kunyunyizia dawa, maji yale yanaingia mtamboni. Wiki ng'ombe wetu alipochomwa antibiotiki, moto jikoni ulikuwa mdogo kama wa kibatari. Vijidudu vya mtamboni navyo vilikuwa vimekunywa dawa. Hata huku ninapofanya kazi jambo hilo huulizwa kwa sauti ya chini.

Mama hauzi. Anabadilishana: madumu mawili ya tope kwa kiroba cha pumba, na rafiki yake wa sokoni Tengeru. Wiki iliyopita nilimwomba angalau aandike juu ya dumu kimeingia nini na lilichotwa lini. Akasema yule anamjua ng'ombe wake kwa jina, wa kuandikiwa ni nani? Jumamosi nikapokea picha. Madumu mawili ya njano kwenye boda boda, na kwa mkaa, herufi kubwa zilizopinda: NG'OMBE TU. ALHAMISI.