Gurudumu Bila Mnyama wa Kulivuta

Huku Ulaya ninakoishi, plau ya kukokotwa na farasi imeshakuwa pambo la makumbusho, na mbele ya pambo hilo ndipo ninapoulizwa, kwa upole unaoudhi, kwa nini sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa nayo. Muulizaji huwa ameshajijibu moyoni kwamba wazee wetu hawakuwa wabunifu. Kwa maoni yangu, angemuuliza mbung'o, yule nzi anyonyaye damu, kwanza.

Ukiitazama plau hiyo kwa karibu, chuma chake hakina maajabu. Wahunzi wa Maziwa Makuu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ufundi hasa umo katika pete nene ya ngozi iliyoshindiliwa majani makavu, inayolala mabegani mwa farasi ili asukume kwa nguvu zake zote bila kukabwa koo. Kifaa kama hicho hubuniwa na mtu anayeshinda na farasi shambani. Kwetu, katika maeneo mengi ya nyika na misitu, mbung'o alieneza nagana, maradhi yanayomkondesha ng'ombe au farasi hadi afe, na ndiyo maana pembe za ndovu zilitoka Ujiji hadi Bagamoyo mabegani mwa wapagazi. Katika nyanda za juu za Ethiopia, zilizo baridi mno kwa mbung'o, wakulima wamelima kwa maksai tangu kale. Huko Meksiko nako, kabla ya Wahispania, watu walifinyanga vinyago vyenye magurudumu, lakini mikokoteni hawakuwa nayo, kwa kuwa mnyama wa kuivuta hakuwepo.

Mazao nayo yalichangia: ngano hukaa ghalani, hupimwa, hutozwa kodi na kudai kinu, ilhali ndizi huvunwa mwaka mzima na hazingoji ghala.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaoifanya mifugo kuwa majaaliwa yasiyobadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, maradhi ya kuambukiza ya ng'ombe, iliingia kupitia pembe ya Afrika, na katika miaka michache ikafyeka sehemu kubwa ya ng'ombe wa wafugaji. Malisho yaliyokosa walishaji yakageuka vichaka, na mbung'o akahamia humo. Wakoloni wengi waliofika wakati huo waliandika kuhusu pori tupu lisilo na mifugo, kana kwamba lilikuwa hivyo tangu mwanzo.