Wajumbe Hawalipwi, Lakini Wanalala Wapi?

Kila sheria inapounda bodi mpya ya ushauri, mahali fulani kwenye vifungu vya mwisho utakutana na maneno ya namna hii: wajumbe hawatalipwa mshahara, ila watarejeshewa gharama za safari. Wengi husoma hadi kwenye "hawatalipwa", wakaridhika, wakafunua ukurasa. Basi na mtu anayetakiwa kukadiria gharama naye hufanya hivyohivyo. Anaandika kwamba gharama ni ndogo na zitabebwa na bajeti iliyopo, anaweka sahihi, karatasi inakwenda mbele.

Nimekaa upande wa sekretarieti wa bodi ya aina hii kwa miaka kadhaa, na sentensi hiyo ya "bajeti iliyopo" nimeiandika mwenyewe. Nakiri. Sikuwa nimedanganya, ila sikuwa nimekokotoa chochote. Leo maoni yangu ni haya: kadirio la safari za bodi ambalo halisemi wajumbe watalala hotelini mara ngapi kwa mwaka ni kukisia tu, hata likiwa na tarakimu mbili baada ya nukta.

Kwa nini kulala na si nauli? Kwa sababu nauli kila mtu huikumbuka. Ukimwambia mtu "safari", picha ya kwanza inayomjia ni tiketi. Atauliza bei ya tiketi, atazidisha, atamaliza. Wakati huo ratiba ya kikao imeshaamua nusu ya gharama, na hakuna aliyemuuliza anayepanga ratiba.

Tuchukue bodi ya wajumbe 11 inayokutana mara 4 kwa mwaka. Hizo ni safari 44. Tuseme wajumbe 4 wanaishi karibu, wanakuja na kurudi siku hiyohiyo, nao watadai mafuta ya gari au nauli ya basi. Waliobaki ni 7, na safari zao ni 28. Kikao kikianza saa tatu asubuhi, hawa 7 lazima wafike jana yake. Kikifungwa saa kumi na moja jioni, kwao usafiri wa mwisho umeshaondoka, kwa hiyo wanalala tena. Hapo umelipia malazi mara 56 kwa mwaka. Sasa sogeza kikao kianze saa tano na kifungwe saa tisa alasiri. Wajumbe ni walewale na ajenda ni ileile, ikiwa mwenyekiti anajua kukatiza hotuba. Malazi yanashuka hadi 28, pengine chini ya hapo, maana wapo watakaoweza kuja alfajiri. Hakuna shirika la ndege litakalokupa punguzo la kiasi hicho kwa barua ya kuomba.

Posho ya chakula nayo ina mtego wake mdogo. Mkadiriaji mwenye haraka huhesabu siku tatu kwa safari ya kulala mara mbili, akazidisha kwa posho kamili. Lakini taratibu nyingi hazilipi siku ya kuondoka na ya kurudi kama siku nzima. Kwa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, siku hizo mbili hulipwa asilimia 75 ya posho ya chakula. Kwa hiyo siku tatu za safari ni siku mbili na nusu za posho. Kwenye safari zetu 28, ni siku 70 badala ya 84. Mkadiriaji wetu amezidisha gharama kwa asilimia 20 mahali hapo, na bila shaka amepunja kwingineko, halafu makosa mawili yakikaribia kufutana tunamsifu kwamba ana uzoefu.

Alikopunja ni kwenye kamati ndogo, kwa kawaida. Sheria husema kwa mstari mmoja kwamba bodi inaweza kuunda kamati ndogo kadiri itakavyoona inafaa. Mstari huo hauna namba, kwa hiyo hauingii kwenye kadirio. Bodi huwa haimalizi mwaka kabla ya kuona inafaa. Kamati 2 za watu 4, kila moja ikikutana mara 2 nje ya vikao vikuu, zinaongeza safari 16 juu ya zile 44. Hiyo ni zaidi ya theluthi, na haikuwamo popote.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sijawahi kuona kadirio linaloitaja. Bodi ya watu 11 kwa kawaida huhitaji watu 6 ili iamue jambo. Ni mtego ambao ukikunasa mara moja hausahau. Wanafika 5. Wanne kati yao wametoka mbali, wamelala, wamekula, watarejeshewa kila kitu kwa haki yao. Chumba kimelipiwa. Tunakunywa chai, tunazungumza "kwa njia isiyo rasmi", tunapanga tarehe nyingine. Kikao hicho kimegharimu karibu sawa na kikao kilichofanikiwa, na sasa kuna cha tano kwenye mwaka wa vikao vinne. Mbaya zaidi, yule wa sita aliyeghairi asubuhi ileile alikuwa ameshakatiwa tiketi isiyorudishwa. Kumbe mtu ambaye hakuja naye ana gharama ya safari.

Ndiyo maana nashauri kadirio litoe namba mbili, ya juu na ya kawaida. Ya juu inachukulia kwamba wote wanahudhuria vikao vyote na nafasi zote za bodi zimejazwa. Ya kawaida inapunguza kwa mahudhurio ya bodi zinazofanana na hiyo. Mahudhurio yakiwa asilimia 80, zile safari 28 za mbali zinakuwa kama 22. Mwaka wa kwanza huwa chini zaidi, kwa sababu uteuzi huchelewa na bodi huanza kazi katikati ya mwaka wa fedha. Tatizo ni kwamba namba ya mwaka huo wa kwanza ndiyo hunakiliwa kwenye bajeti ya mwaka wa pili na wa tatu, kana kwamba bodi itaendelea kuwa nusu daima.

Kuhusu muda wa watumishi, nitasema kwa ufupi tu kwa kuwa ni habari inayojulikana na kupuuzwa kila siku. Kila dai la mjumbe hupita kwa mtu wa kulipokea, mtu wa kulikagua, mtu wa kuliidhinisha na mtu wa kulilipa. Nimeshuhudia stakabadhi ya teksi ikirudishwa mara tatu kwa sababu tarehe haisomeki. Mishahara ya saa zilizotumika kuikataa ilitosha kuilipa teksi hiyo na nyingine kadhaa. Ndiyo sababu mifumo mingi imeachana na stakabadhi za chakula ikaweka kiwango maalumu kwa siku, na kubaki kudai stakabadhi za malazi. Ni uamuzi wa busara, ingawa wakaguzi wa shule ya zamani huusikia kama matusi.

Sheria ya Marekani ya kamati za ushauri ya mwaka 1972 ililiona jambo hili mapema. Hati ya kuunda kamati ya ushauri ya serikali kuu inatakiwa itaje makisio ya gharama za mwaka kwa dola, na pia muda wa watumishi watakaoihudumia ukihesabiwa kwa miaka ya kazi, yaani kazi ya mtumishi mmoja kwa mwaka mzima ikiwa ndiyo kipimo. Inatakiwa itaje vikao vinavyotarajiwa na vitafanyika kila baada ya muda gani. Na kwa kawaida kamati hufa baada ya miaka miwili isipohuishwa. Sisemi kwamba hilo limeondoa makadirio mabovu. Nchi hiyo imekuwa na kamati za namna hiyo karibu 1,000, na makaratasi hayakosi. Lakini angalau wanaotia sahihi wanalazimika kuandika idadi ya vikao karibu na kiasi cha fedha, na mtu mwingine anaweza kugawa kimoja kwa kingine akashangaa.

Mtu ataniambia: vikao vyote vifanyike kwa video, mambo yaishe. Baada ya mwaka 2020 hakuna anayeweza kudai kwamba haiwezekani. Kwa kikao cha kupitisha kumbukumbu na kupokea taarifa ya robo mwaka, nakubali kabisa, na naona aibu kwa safari nilizowahi kuziandaa kwa kazi ya saa moja. Kwa kikao cha kwanza, kabla wajumbe hawajajuana, au kile ambacho watu watavutana kweli, sikubali. Nimeona mjumbe aliyekaa kimya kwenye skrini miezi sita akimaliza ubishi wa mwaka mzima kwa dakika kumi kwenye foleni ya chakula. Kwa hiyo ningependa kadirio liseme wazi: vikao 2 vya ana kwa ana, 2 kwa video. Bodi yetu ya mfano hapo inashuka kutoka safari 44 hadi 22. Hata hivyo, msiziite akiba kabla hamjamuuliza mjumbe wa mbali kama ana intaneti ya kuaminika na nani anailipia.

Kuhamisha kikao kupeleka waliko wajumbe nako kunasifiwa sana. Kunafaa, mradi ukumbuke kuhesabu sekretarieti. Tulipojaribu, wajumbe watatu waliacha kusafiri na watumishi wanne wakaanza.

Lakini kuna njia ya kubana matumizi ambayo naipinga: kuweka viwango vya marejesho chini ya bei halisi ya malazi ili kadirio lionekane zuri. Mjumbe mwenye mwajiri mkubwa hatasumbuka, mwajiri atajazia. Mstaafu mwenye pensheni nzuri hatasumbuka. Atakayeacha kuja ni mkulima, muuguzi wa zamu, mama anayemlipa mtu wa kukaa na watoto, yaani yule aliyewekwa kwenye bodi ili sauti yake isikike. Hataandika barua ya kujiuzulu. Atatoa udhuru mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kiti chake kitazoeleka kuwa kitupu, na sisi tutaandika kwenye taarifa kwamba matumizi ya safari yamepungua.

Na wapo wanaoendelea kuja kimyakimya kwa fedha zao. Tulikuwa na mjumbe mmoja, aliyeishi mbali kuliko wote, ambaye kwa mwaka mzima hakuleta dai hata moja. Hatukumuuliza. Mwisho wa mwaka wa fedha kasma ya safari, yaani fungu lake kwenye bajeti, ilikuwa na salio, tukajisifu kwa nidhamu ya matumizi, salio likarudi hazina. Wiki ya pili ya mwaka mpya aliingia ofisini na bahasha ya kaki, stakabadhi zote za vikao vinne zimepangwa kwa tarehe, akaomba radhi kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa akisubiri ziwe nyingi asitusumbue mara kwa mara. Mwaka ulikuwa umeshafungwa. Ilitubidi tuombe kibali cha kulipa deni la mwaka uliopita kwa fedha za mwaka mpya, na kibali kilipotoka tulikuwa tumeshafanya vikao viwili vingine, ambavyo pia alikuwa hajavidai.